Kamyo ya Zimamoto Ilikwenda Matangani

Siku watakayokutuma kukagua kamyo ya zimamoto, usianze na rangi yake. Rangi nyekundu haijawahi kuzima hata kijiti cha kiberiti. Mwambie dereva awashe injini ingali baridi, kabla wenzake hawajaisukuma. Kisha sema neno moja tu: fungueni maji. Watakuletea kiti kivulini, watakuletea soda baridi, watakuambia pampu imefanyiwa kazi juzi tu na haifai kusumbuliwa. Kataa kiti, iache soda, ngoja maji. Mimi nilikaa kwenye kiti, nikanywa soda, nikasaini. Ndiyo maana ninawaandikia nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najionea mwenyewe.

Ninaitwa Mama Kapinga. Nilizaliwa Katuba, komini moja ya mji huu. Baba yangu alikuja kutoka Kasai akiwa kijana, akafundisha shule mpaka chaki ikamharibu kifua. Mimi nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika ofisi moja ya serikali hapa Lubumbashi. Sitaitaja, waliokaa humo wataijua, na wengine haiwahusu. Kazi ya meza yetu ilikuwa kuwaangalia wale wanaotulinda, yaani vituo vya polisi na kituo cha zimamoto. Tunakwenda, tunaona, tunaandika raporo. Raporo inapanda kwa Shefu, mkubwa wa ofisi yetu, na kutoka kwa Shefu inafika kwa washauri wa mji. Ndivyo ilivyopangwa kwenye karatasi.

Ninyi vijana mlioingia kazini sasa na kompyuta zenu, nimesikia mnafundishwa kwamba kituo kile cha zimamoto kiliwahi kuwa na mkuu mwizi, mtu aliyeuza maji ya kamyo huku Katuba ikiungua. Nasikia mnaonyeshwa faili lake, mpate kuogopa. Mtu huyo ni Papa Kabwe. Hakuuza hata kikombe kimoja. Yu hai, anakaa Kenya, si ile nchi, ni komini ya jirani na Katuba, na jina lake limechafuliwa kwa sababu yangu na ya wakubwa zangu. Nataka mlijue hilo kwanza. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Papa Kabwe ndiye aliyenifundisha namna ya kumkagua yeye mwenyewe. Nilifika kituoni mara ya kwanza na viatu vipya, na karatasi ya ofisi yenye mistari ya kujaza. Kofia, kumi na mbili. Ndoo, nane. Tiyo, mipira ya maji, sita. Kamyo, moja. Nilihesabu kila kitu kwa bidii ya mwanafunzi wa kwanza darasani. Nilihesabu hata ngazi iliyokuwa imeazimwa na jirani, kwa kuwa waliniahidi itarudi. Papa Kabwe alichukua ile karatasi, akaisoma akiiweka mbali na macho, akaanza kucheka.

"Mama, weye unahesabu bintu sawa muntu anahesabu kuku ku soko," akasema. "Na yenye ilikufa unahesabu?"

Nilikasirika, maana mimi hukasirika upesi, hata mume wangu marehemu alijua. Papa Kabwe hakujali. Alichukua tiyo moja kati ya zile sita, akaniwekea mikononi, akaniambia niikunje. Nilipoikunja ikapasuka kama mkate wa juzi. Akanipa ya pili, nayo ikapasuka. Tulipomaliza, sita zilikuwa zimekuwa mbili, na mimi nilikuwa na vumbi la mpira kwenye blauzi yangu nyeupe. "Sasa andika," akasema. Nikaandika mbili. Ilikuwa raporo yangu ya kwanza ya kweli, na kusema haki hazikufuata nyingi.

Basi chukueni aliyonipa, maana hayamo kwenye karatasi yoyote. Buti ya mzima moto igeuze uangalie chini. Ikiwa soli ni safi, haijavaliwa, inangoja wageni. Mdomo wa tiyo uingize kidole. Ukikuta utando wa buibui, maji hayajapita humo tangu mvua. Ngazi mpandishe mtu mzito kuliko wote waliopo. Pale kituoni, kila mara, mtu huyo nilikuwa mimi, na walifurahi sana kunishikia chini huku wakiniombea kwa sauti. Na midomo ya maji iliyofukiwa barabarani tangu zamani, ile ambayo kamyo inatakiwa kunywea, usiitafute kwenye ramani. Waulize akina mama wauza mboga ni wapi ardhi ilikuwa ikilowa miaka ile. Mmoja tuliukuta ndani ya duka la msusi, chini ya beseni lake. Alikataa tuuguse mpaka amalize kichwa cha mteja. Tukangoja saa nzima, mimi na wazima moto wanne, tukitazama mtu akisukwa.

Polisi nao wana namna yao. Ukifika kituoni usiombe daftari la waliofungwa. Kwanza toka nje uwasalimie jamaa wanaokaa ukutani na chakula kilichofungwa kwenye kitambaa. Hesabu sahani. Daftari linasema watu watatu, sahani zinasema tisa. Amini sahani, maana hakuna mama anayempikia bukari, ugali wetu, mtu asiyekuwamo. Hilo nililigundua mwenyewe na ninajivunia mpaka leo.

Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuandika ni kingine. Siku moja polisi wa barabarani aliisimamisha kamyo ya zimamoto kwenye njia panda, king'ora kikilia, kwa sababu taa za breki hazikuwaka na karatasi za gari hazikuwamo. Papa Kabwe akatoa kichwa dirishani akimpigia kelele kwamba kuna nyumba inaungua. Yule polisi, mtu mpole tu, akamjibu: "Moto inaungua, ndiyo, minasikia. Mais lakini weye ukiponda muntu mu njia, ile nani atazima?" Na uchungu wenyewe ni kwamba alikuwa na haki. Zile karatasi zilikosekana kwa sababu maombi ya Papa Kabwe ya kuzipata yalilala ofisini kwetu, mara tatu. Wote wawili walileta malalamiko kwenye meza yangu, asubuhi moja, wakikaa kwenye benchi moja bila kusalimiana. Nikaliweka la polisi katika faili la polisi, la zimamoto katika faili la zimamoto. Mafaili hayo hayakuwahi kukutana, na taa za breki hazikuwahi kuwaka. Nikaenda nyumbani nikala vizuri.

Sasa nije kwenye maji. Ubaya wetu haukuanza kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mlinzi wa mlango wa ofisi yetu, mzee asiye na neno na mtu, alifiwa na mke wakati wa kiangazi. Mtaani kwake mabomba yalikuwa makavu juma zima. Mnajua matanga yetu: watu wanalala pale, bukari inapikwa kwenye masufuria yanayobebwa na watu wawili, mikono inanawishwa, wazee wanataka kunywa dawa. Bila maji ni aibu juu ya msiba. Nani kwetu anamnyima mfiwa maji? Nilimwendea Papa Kabwe nikamwomba kamyo ipeleke mzigo mmoja tu.

"Nitaenda," akasema. "Mais unipe bon. Bila bon, kamyo haitoke mu kiwanja."

Bon ni karatasi ya ruhusa. Kitabu chake kilikaa kwenye droo yangu. Karatasi ya juu unampa dereva aiache anakopeleka maji, ya chini, nakala, inabaki kitabuni na sahihi yako. Mahali pa kueleza sababu niliandika "huduma ya jamii". Kamyo ikaenda, watu wakanawa, yule mlinzi akanishika mikono akalia. Nilijiona mtu mwema sana siku ile. Bado sidhani nilikosea kwa mlinzi. Nilikosea kwa kutofunga mlango nyuma yake.

Maana baada ya mlinzi alikuja mkuu wa kitengo. Baada ya mkuu wa kitengo, shangazi wa mshauri mmoja wa mji. Kisha harusi, kwa sababu wanasema furaha nayo ni ya jamii. Kisha ikaja nyumba ya ghorofa ya mtu fulani, zege likihitaji maji, na mimi nikaandika vilevile, "huduma ya jamii". Mwishoni Shefu hakuja hata mezani kwangu. Alipiga simu kutoka chumba cha pili: "Mama, kuko matanga." Nami nikaandika. Mkono ulizoea kama unavyozoea kumenya viazi. Na ajabu ni kwamba katika mitaa ya watu wadogo, ambako mabomba yalikuwa makavu zaidi, kamyo haikwenda tena. Huko walichota kisimani, wakazika, wakanyamaza.

Papa Kabwe alikuja ofisini kwangu kwa ajili hiyo, si mara moja. Alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

"Mama Kapinga, hii kamyo iko na tumbo moja tu. Ikienda ku matanga, inarudia mukavu. Kuijaza tena inaomba saa mbili, na ile ni kama courant ya umeme iko. Moto ikituita mu zile saa mbili, tutaenda na nini? Na mate?"

"Papa, ni amri ya Shefu," nikamwambia.

"Basi andika mu raporo kama ni amri."

Sikuandika. Raporo ilipitia kwa Shefu, na Shefu ndiye aliyekuwa akipiga simu. Ukaguzi gani huo, wanangu, ambao malalamiko yanapelekwa kwa mwenye kulalamikiwa ili ayasome kwanza na kuyasahihisha? Tuliwekwa pale tuilinde kamyo isichezewe, na sisi ndio tuliokuwa tukiichezea, kwa muhuri. Nilijua. Msije mkadanganywa na mtu yeyote kwamba ofisi hazijui. Ofisi zinajua kila kitu.

Ikaja siku yenyewe, mwezi wa nane, upepo wa kiangazi ukipeperusha vumbi jekundu mpaka ndani ya meno. Ilikuwa saa nane mchana. Katuba kulikuwa na mstari wa vibanda vya washonaji, mbao na mabati, vimebanana. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo wote walipiga pasi kwa makaa. Kaa moja likaruka na upepo, likaingia kwenye gunia la mabaki ya vitambaa. Jirani wa gunia hilo alikuwa Mama Odile, mjane, fundi wa sare za shule. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Sare zilikuwa zimekwisha kushonwa, zimekunjwa, bluu na nyeupe, zimepangwa mpaka darini.

Watu wakapiga simu kituoni. Kamyo haikuwapo. Ilikuwa kwenye mtaa wa wakubwa tangu asubuhi, kwenye matanga ya baba mkwe wa Shefu, ikiwa na bon yangu, sahihi yangu, huduma ya jamii. Papa Kabwe akampigia dereva aende Katuba moja kwa moja, yeye mwenyewe akapanda pikipiki na wenzake wawili. Mimi nilipata habari kutoka kwa dada yangu anayekaa karibu na pale, nami nikatoka ofisini mbio. Nilifika pamoja na kamyo.

Sitaisahau furaha ya watu wale. King'ora kiliposikika walipiga makofi, wakafungua njia, wanawake wakapiga vigelegele, "Mayi inakuya! Mayi inakuya!" Wazima moto wakaruka chini, wakakunjua tiyo, mmoja akafungua. Tiyo ikakohoa. Ikatema maji machafu, labda ndoo moja, ikakohoa tena, basi. Ulisikika moto peke yake. Kisha Mama Odile akamwendea Papa Kabwe, wala hakupandisha sauti.

"Papa, kengele mulileta. Mayi muliacha wapi?"

Papa Kabwe alinitazama. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake, na nilikuwa na jibu mfukoni, kalamu ileile. Hakunitaja. Aliwageukia watu wake akawaamuru wachukue shoka na majembe, wabomoe vibanda vitatu ambavyo moto ulikuwa haujavifikia, ili ukose njia. Watu wakadhani anaharibu makusudi, mawe yakaanza kuruka. Moja likampasua juu ya jicho. Aliendelea kubomoa, damu ikimtiririkia shavuni, mpaka nafasi ikapatikana na moto ukafia hapo. Vibanda vilivyosalia upande ule wa pili viko mpaka leo kwa sababu yake, na wenye navyo wanamwita mwizi.

Mama Odile aliingia akatoka na kichwa cha cherehani, chuma kitupu kilichokuwa moto, akaking'ang'ania mpaka ngozi ya viganja vyake ikabaki juu yake. Hakuweza tena kushika sindano vizuri. Lakini hakufa mtu. Wakubwa walilirudia sana neno hilo baadaye, "hakufa mtu", kana kwamba tungewapongeza.

Kesho yake asubuhi Shefu aliniita, akafunga mlango, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja, kwa majina. Hajawahi kuyajua majina hayo kabla ya siku ile.

"Mama Kapinga," akasema polepole, "kile kitabu ya bon, unipe nikichunge muzuri. Bantu beko na kasirani. Banaweza kukuletea matatizo."

Nikampa. Nilikitoa kwenye droo yangu nikampelekea kwa mikono miwili, kwa adabu. Nasema adabu, lakini ilikuwa hofu. Nilikuwa na mtoto chuo kikuu na mwingine akikaribia kuingia. Karatasi ya juu ya bon, ile ya dereva, ilibaki kule matangani kama kawaida, na wenye matanga walisema hawakuiona.

Wakaunda komisyo ya kuuchunguza moto ule. Meza ndefu, bendera, na mbele ya kila mjumbe chupa ya maji ya kunywa. Niliziangalia zile chupa kikao kizima. Shefu alisema kamyo ilitoka bila ofisi kujua, na kwamba kuna habari za wazima moto kuuza maji. Papa Kabwe alisimama, sare imepigwa pasi, plasta juu ya jicho.

"Bon iko," akasema. "Mama Kapinga njo alisaini."

Vichwa vyote vikageuka. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, bon husainiwa na nani?"

Nikajibu, "Na ofisi."

Ofisi! Ofisi ina vidole? Ofisi hushika kalamu? Akaniuliza tena kama siku ile kulikuwa na bon. Nikasema kitabu hakiko tena kwangu. Tazameni vizuri hayo maneno mawili. Hakuna uongo ndani yake, hata chembe, na kwa maneno hayo mawili nilimmaliza mtu aliyenifundisha kazi. Papa Kabwe aliketi, akaiweka kofia juu ya magoti. Alifukuzwa, na miezi michache tu ilikuwa imebaki apumzike kwa heshima. Faili likaandikwa: aliuza maji ya kamyo. Likafungwa.

Mimi nilibaki. Walinipandisha hata cheo kidogo. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na keki yenye jina langu, na Shefu mpya akasoma kwamba nilikuwa mfano wa uaminifu. Niliimeza ile keki kama dawa. Baada ya hapo ndipo nilipoandika barua ya kueleza ukweli, nikiwa sina tena cha kupoteza. Huo ndio ushujaa wangu wote. Barua ya kwanza walisema haikufika. Ya pili ilirudishwa kwa kuwa haikuwa na muhuri. Muhuri wenyewe niliutunza mimi miaka ishirini na sita!

Kwa Papa Kabwe sikwenda. Nilikuwa nikimwona sokoni Kenya kwa mbali nikabadili njia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na wake niliuona mwepesi mradi siubebi mimi. Kisha kiangazi kilichopita mke wake akafa. Kwetu unaweza kukosa harusi, unaweza kukosa ubatizo, lakini matanga huwezi. Nikaenda.

Chini ya bache, turubai la msiba, watu walikuwa wachache. Mzee wa kituo cha zimamoto, aliyezima moto wa nusu ya mji huu, alikuwa na viti vingi vitupu. Yeye alikaa kwenye mkeka, kama mjane mwanamume anavyotakiwa, asiinuke, asifanye kazi yoyote. Maji yakaisha kabla bukari haijasongwa. Bomba lilikuwa kavu. Jirani mmoja, mtu wa mzaha, akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Papa Kabwe, si uite kamyo yako? Ile mayi ya kuuzisha ilibakia ku nani?"

Wengine wakacheka. Kwenye matanga, mwili ukiwa haujazikwa. Papa Kabwe aliinuka kwenye mkeka, akavaa kandambili, akachukua mabidoni mawili ya njano, akaelekea kisimani. Mfiwa akienda kuchota maji ya msiba wa mke wake mwenyewe! Wanawake wakapiga kelele, wakamzuia, yeye akawapita. Hapo nikahisi aibu ambayo sijawahi kuihisi tangu nizaliwe, aibu yenye joto, mpaka masikio. Nikasimama. Magoti yangu ni mabaya, nilishika nguzo ya bache.

"Mubakie kimya," nikasema. "Mayi ya Katuba, miye njo nilituma ku matanga ya bakubwa. Miye njo nilisaini. Huyu muntu alikuya ku meza yangu kunikataza, mara na mara, nikakatala. Ku komisyo baliniuliza ni nani, nikasema ni ofisi. Ofisi njo miye. Kama munataka kucheka, municheke miye."

Yule jirani aliinuka, akamfuata Papa Kabwe, akamnyang'anya mabidoni bila kumtazama usoni, akaenda kisimani yeye. Wanaume wengine watatu wakamfuata. Papa Kabwe akarudi kwenye mkeka. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, jinsi magoti yangu yalivyoweza. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Mama Kapinga," akasema, "ulikawia."

"Nilikawia, Papa."

"Hapa banajua sasa." Akayafuta macho kwa kiganja. "Mais mu faili, bado."

Ndiyo hivyo. Sasa ninakwenda kwake kila Jumapili baada ya misa. Kifua chake kimejaa moshi wa miaka yote ile, anapumua akihesabu. Hanilaumu, na hilo ni gumu kuliko lawama. Kila Jumapili ananiuliza kama kuna mtu ofisini amelisahihisha faili, nami kila Jumapili ninamjibu bado, na ananiambia haidhuru, nami ninajua inadhuru.

Ninyi ndio mnaokaa karibu na kabati hilo. Msinisamehe, sikuwaandikia kwa ajili hiyo. Kitabu cha bon, kama hakijachomwa, kina nakala zote, na sahihi yangu inasomeka vizuri, baba yangu alikuwa mwalimu. Mkikikosa, basi karatasi hii nimeisaini pia, ioneni kuwa ushahidi. Msiniletee habari kwamba haina muhuri. Lifungueni lile faili mtu huyu angali anapumua, na kila mahali palipoandikwa Kabwe, pigeni mstari, andikeni Kapinga.